Huu si utulivu, ni mgongo

Kuna kicheko kinachofika kabla ya kichekesho. Ukiwa mchekeshaji wa jukwaani hapa Kenya utakutana nacho mapema. Unapanda, unashika maiki, unasema "hamjambo" kwa lafudhi ya kwenu, na watu wameshaanza kucheka. Hujasema kitu. Umesalimia tu. Lakini ukumbi umetambua unakotoka, na kila mtu amekuja na kichekesho cha huko kwenu mfukoni, kimeshapikwa. Mkikuyu anapenda pesa. Mluhya anapenda ugali. Mjaluo anapenda kujionyesha. Na Mpwani, ambaye ndiye mimi, anapenda kulala.

Kicheko hicho ni kitamu, siwezi kukudanganya. Hukilimi, hukipalilii, unavuna tu. Nilipohamia Nairobi kutoka Mombasa nilikipata bure kama maji ya mvua. Ningesema jambo la kawaida kabisa, kwa mfano "naomba chai", na meza ya nyuma ingekufa kwa kicheko. Nairobi mtu haombi chai. Anasema "leta chai" au "niwekee chai". Adabu peke yake ilikuwa kichekesho.

Shida ni kwamba kicheko hicho si chako. Kesho akija Mpwani mwingine na "hamjambo" yake, atakipata kilekile. Wewe ni kama kituo cha matatu: watu wanashuka hapo, lakini hakuna aliyekuja kukuona wewe.

Na kwa upande wangu kulikuwa na shida ya pili, ndogo lakini ya kuchekesha. Mimi ni Mgiriama. Wazee wetu ni wa Kaloleni, nami nimezaliwa Changamwe, karibu na barabara ya malori. Mpwani ambaye Nairobi ilimtaka alikuwa na kofia ya vito, msuli na neno "yakhe" kila baada ya maneno matatu. Wapo watu wa Mombasa wanaosema hivyo, na wanasema vizuri. Kwetu hatukusema. Neno "yakhe" nilikuwa nimelisikia runingani, kutoka Nairobi, kuliko nilivyolisikia nyumbani. Kwa hiyo nilipoambiwa "kuwa wewe mwenyewe, msee, fanya ile kitu ya Pwani", nilikuwa naombwa kumwiga mtu ambaye sijawahi kuwa.

Sasa, kuhusu kulala. Babangu alikuwa kuli. Alibeba magunia bandarini Kilindini, kilo hamsini kwa gunia, sukari, mchele, mbolea, kwa kibarua cha kutwa. Asubuhi unafika langoni, unachaguliwa au huchaguliwi. Mara nyingi alichaguliwa zamu ya usiku. Alirudi wakati sisi tunatoka kwenda shule, vumbi la mbolea kwenye nyusi, na akalala. Kwa hiyo ni kweli: ungepita kwetu saa nne asubuhi, ungemkuta Mpwani amelala.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kweli nililotaka kulisema jukwaani. Nililiandika kwa hasira. Dakika sita kuhusu magunia, lango la bandari, na reli mpya ya SGR iliyoanza mwaka 2017, mizigo ikaanza kupanda treni moja kwa moja hadi Nairobi huku vijana wa kwetu wakibaki kuipungia mkono. Nikalipeleka kwenye baa moja ya Ngara, Alhamisi, watu kama arobaini. Walisikiliza kimya. Nilipomaliza walipiga makofi.

Makofi ni heshima, lakini mchekeshaji akipigiwa makofi badala ya kuchekwa, ajue amehubiri. Mwenye baa aliniambia kwa upole, "Imekuwa deep sana, bro. Wateja waliacha kunywa." Kwake hiyo ndiyo ilikuwa hesabu, na sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nililipwa kutokana na hizo chupa.

Muda si mrefu baadaye nikaitwa na mtayarishaji wa kipindi kimoja cha runinga. Alikuwa amenitazama mara mbili na alikuwa ameshapanga kila kitu. Ningeingia na mkeka. Ningeutandika katikati ya jukwaa, nilale, na nifanye kichekesho chote nikiwa nimelala. Jina la jukwaani pia alikuwa nalo tayari.

"Watu wanataka kucheka, hawataki kufikiria," akaniambia. "Hiyo story ya mzee wako tutaiweka msimu wa pili. Kwanza wakujue."

Nataka kumtendea haki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dakika tano za kujaza na watazamaji wenye rimoti mkononi. Mtu asiyekujua hana sababu ya kukupa subira, na lafudhi ni njia ya mkato: sekunde moja tu na kila mtu ameshajua yuko wapi. Halafu pesa yenyewe ilikuwa kodi ya bedsita yangu ya Pipeline kwa miezi minne. Ukiona mchekeshaji anazungumzia uhalisi bila kutaja kodi ya nyumba, basi kuna mtu mwingine anayemlipia.

Nilimuuliza kama naweza kuingia na mkeka lakini nimzungumzie baba. Akasema la. Nikamwambia basi na mimi la. Nilipanda matatu nikiwa na shilingi mia mbili na hamsini.

Nafasi ile ikachukuliwa na rafiki yangu, kijana wa Nakuru ambaye hajawahi kuishi Pwani. Alinipigia simu usiku uleule. "Buda, nisaidie. Hii lafudhi yenu inanitoka Kitanzania." Nikaenda kwake South B, tukakaa hadi saa saba za usiku, nikimfundisha kusema "yakhe". Neno ambalo mimi mwenyewe nililijifunza runingani. Alinilipa kwa chapati na maharagwe.

Watu huniuliza kama nilikasirika. Nilikuwa na swali zaidi ya hasira. Kama ubaya wa kichekesho kile ni kwamba ni uongo, je, ungekuwa ukweli kama ningekifanya mimi? Na kama ubaya ni kwamba anayekifanya si wa kwetu, basi tutamweka wapi Mzee Ojwang'?

Wengi wetu tulilelewa na Mzee Ojwang'. Kwenye *Vitimbi* ya KBC alikuwa mzee wa Kijaluo, na lafudhi yake iliigwa shuleni, sokoni na kwenye harusi. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015 alililiwa nchi nzima. Mwingine ni Daniel Ndambuki, tunayemwita Churchill. Mwalimu King'ang'i wake wa redioni alikuwa na lafudhi ya Kikamba, na hiyo ni lafudhi ya kwao. Mmoja aliazima, mmoja alitoa nyumbani. Wote wawili wameingia kwenye damu ya nchi hii. Kwa hiyo swali la nani mwenye haki ya lafudhi gani halinifikishi mbali.

Nikimtazama Ojwang' leo, naona kitu kingine. Alikuwa na nyumba. Alikuwa na mke, Mama Kayai, ambaye hakumwachia neno la mwisho. Alikuwa na maringo yake na ujanja wake ambao mwishowe ulimgeukia. Lafudhi ilikuwa nguo tu, na ndani ya nguo mlikuwa na mtu. Ungeweza kumvua lafudhi na bado ukabaki na mzee mmoja anayejaribu kuonekana mkubwa mbele ya mkewe, jambo ambalo halina kabila. Yule Mpwani wa mkeka ukimvua lafudhi unabaki na mkeka.

Na lafudhi katika nchi hii si kitu chepesi. Mwaka 2008, Januari, kulikuwa na barabara ambapo watu walisimamishwa, wakaulizwa kitambulisho au wakaambiwa waongee, na jina au ulimi ukaamua kama wataendelea na safari. Zaidi ya watu elfu moja walikufa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi. Sheria iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka huohuo. Sisemi kwamba vichekesho ndivyo vilivyoua. Nasema tu kwamba kucheka lafudhi ya mtu na kuogopa lafudhi ya mtu ni vitu vinavyoishi ploti moja, na wakati mwingine vinashiriki choo.

Nilikuwa nimepanga hoja zangu hivyo, zimenyooka, hadi niliporudi nyumbani Changamwe Krismasi ile. Jioni moja kipindi kilikuwa kinarushwa. Rafiki yangu wa Nakuru akaingia na mkeka. Babangu, kuli mstaafu, mtu ambaye kichekesho kile kilimhusu kama kuna mtu kilichomhusu, alicheka hadi akashika ukuta.

"Huyu kijana anatujua," akasema.

"Baba, huyo ni wa Nakuru. Na anasema sisi ni wavivu."

"Si sisi. Anamsema huyo jirani."

Na kweli, kulikuwa na jirani. Huenda kila nyumba ya Pwani usiku ule ilikuwa inamcheka jirani.

Nikamwonyesha kwenye simu dakika zangu sita za Ngara. Alizitazama zote bila kusema kitu, miwani kwenye ncha ya pua. Nilikuwa nimesema mambo yake, kwa majina yake, mbele ya watu. Alipomaliza alinirudishia simu.

"Ni kweli yote," akasema. "Lakini mtu akitoka kazini, mwanangu, hataki kurudishwa kazini."

Sikuwa na jibu. Miaka yote nilimwona mtayarishaji kama mtu wa soko na babangu kama upande wa ukweli. Kumbe babangu ndiye soko. Ndiye mtu aliyechoka anayewasha runinga saa mbili usiku. Haki ya kupumzika ni yake kabla ya kuwa yangu mimi kumtetea.

Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu kisicho na maana, akaniambia kisa. Asubuhi moja alitoka zamu ya usiku, mgongo umekataa kupanda matatu. Akatembea pole pole hadi Mama Ngina, akakaa chini ya mbuyu akitazama meli zinavyoingia, akisubiri mgongo ukubali. Wakapita vijana wawili, wageni wa Nairobi, na mihogo yao ya kukaanga. Mmoja akatoa simu ampige picha. "Cheki huyu mzee vile ametulia," akamwambia mwenzake. "Hawa watu wa Coast hawana stress."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, kijana, huu si utulivu. Ni mgongo."

Nilicheka hadi machozi yakatoka. Na yeye akacheka, akashika kiuno, kwa sababu mgongo bado ulikuwa ule ule.

Dakika sita za hasira, na mzee alikuwa na sentensi moja. Ndani yake mna magunia yote, lango lote, zamu zote za usiku. Mna pia kijana wa Nairobi na simu yake, ambaye si adui, ni mtu tu anayeona kile alichokuja tayari kukiona. Na haimrudishi mtu kazini. Inamketisha chini ya mbuyu kwanza, inampa mihogo, ndipo inamwambia.

Nilirudi Nairobi na kisa hicho, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kisa cha kweli kikifika jukwaani hakijitegemei. Mara ya kwanza kilianguka. Watu hawakujua kuli ni nani. Ukisema "kuli" Nairobi, mtu anafikiri umekosea "kula". Nikahitaji sentensi ya kumweleza kuli bila kuwa mwalimu. Nilijaribu nyingi. Iliyobaki ni hii: kuli ni foklifti yenye watoto wanaodaiwa karo. Ikawa na kicheko chake, na baada yake hakuna aliyehitaji maelezo. Nikaondoa SGR. Ni kweli, na inaniuma, lakini ilikuwa inabeba kisa kingine. Nikapunguza Kilindini, nikaacha "bandarini". Mbuyu nikauacha. Mihogo nikaiacha. Vijana wale wawili nikawapa Kiswahili cha Nairobi chenyewe, ili ukumbi ujisikie ukisema. Hapo ndipo kicheko kiligeuka upande. Walianza kumcheka yule wa kwenye simu, halafu wakatambua simu ni yao.

Sasa ukiniuliza ni kitu gani nilikiuza ili nipendwe, nitakuonyesha orodha. Niliuza hasira, niliuza reli, niliuza jina la bandari, niliuza dakika nne. Uhalisi sikuwahi kuuona kama sanduku la kufunga ili lisichafuke. Kila kitu kinaweza kuhamishwa isipokuwa kimoja: nani anabebeshwa gunia. Kichekesho chochote kina mzigo, na mzigo lazima umwangukie mtu. Kama mwisho wa yote gunia limerudi kwenye mgongo ulioubeba tangu mwanzo, hapo ndipo nasema la, hata kama kuna kodi ya miezi minne.

Hata ile sentensi kwamba watu hawataki kufikiria, siku hizi siiamini tena. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, wale wa Redykyulass, walimwiga Rais Moi naye bado yuko Ikulu. Kabla yao, kumwiga rais lilikuwa jambo la kufanya ukiwa umeangalia mlango. Hakuna utafiti wa soko ambao ungewashauri wafanye hivyo. Walifanya, na soko likawafuata. Na Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, baadhi ya vichekesho vikali zaidi nilivyoviona mwaka ule vilikuwa kwenye maboksi yaliyopasuliwa na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Watu waliokuwa wanakwepa vitoa machozi walikuwa na muda wa kutunga utani. Ukumbi huo huhitaji kuushushia chochote. Unahitaji kuukimbilia uufikie.

Bado nafanya shughuli za kampuni, na huko masharti ni yaleyale: usiguse siasa, usiguse dini, usimguse mkurugenzi. Sawa. Nafanya ndoa, foleni ya feri ya Likoni, mamangu na kuku wake. Si uongo, mamangu ana kuku. Pesa ya usiku mmoja kama huo inanilipia Alhamisi nyingi za Ngara ambako napata shilingi elfu moja na nauli. Rafiki yangu wa Nakuru naye amenunua gari, Vitz nyeupe, na huwa ananipa lifti. Mwezi uliopita aliniambia amechoka na mkeka. Anataka kusimama, lakini kila akisimama watu wanapiga kelele, "Lala!"

Sikumwambia kitu. Nilimuuliza tu kazi ya babake ilikuwa gani. Akanyamaza hadi tukafika Nyayo, halafu akaanza kunisimulia, na ilikuwa ya kuchekesha kweli.

Mwaka huu nilipata nafasi Eldoret, ukumbi wa watu mia mbili, wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Nilifanya kisa cha mbuyu chote. Safu ya tatu kulikuwa na mzee mpana, koti la mvua limemkaa mabegani ingawa tulikuwa ndani. Nilipofika kwenye picha, kijana ametoa simu, "cheki vile ametulia", yule mzee alianza kutikisa kichwa. Kabla sijafungua mdomo akasema kwa sauti, kwa lafudhi yake ya huko, "Si mgongo huo!"

Ukumbi mzima ukaanguka. Alinipokonya sentensi, na nilimwachia. Baadaye nilimtafuta mlangoni kumsalimia. Akaniambia amepakia mahindi kwenye malori tangu ujana wake, magunia ya kilo tisini.

"Hamsini?" akaniuliza. "Babako alibeba ya hamsini? Sasa huyo si alikuwa amepumzika?"

Nimeshampigia baba simu kumwambia. Amesema nimletee huyo mtu.